Kulanti ya "nano": imechemsha gari, na mimi nimechemka

Nyota moja, na hiyo ni kwa sababu chupa ni nzuri.

Majuzi nilinunua kulanti (kile kimiminika cha kupoza injini) ya "nano" duka moja la vipuri Kariakoo, bei mara tatu ya ile ya kawaida. Kijana wa dukani akaapa: "Mzee, humu kuna chembe za shaba, inapoza kuliko maji. Mlima Kitonga utapanda na AC imewaka."

Nusu ya Kitonga mshale wa joto ukalalia nyekundu, nikaegesha. Lori la mbao likanipita polepole, utingo ananipungia mkono.

Nikingoja rejeta ipoe, nikaitazama robo iliyobaki kwenye chupa. Chini kumetuama tope la kijivu. Shaba gani ya kijivu? Nikatikisa, likapanda. Sijamaliza hindi la kuchoma, limeshashuka tena.

Nikampigia yule kijana. "Mzee, hiyo sayansi, siyo ya kila mtu." Akakata.

Mimi! Nimefundisha fizikia mpaka chaki imeniharibu mapafu. Jina la nanofluidi, yaani kimiminika kilichochanganywa na chembe ndogo mno, lilitolewa mwaka 1995 na Stephen Choi wa maabara ya Argonne, Marekani. Mwaka 2001 yeye na wenzake walieleza kwamba chembe za shaba, hata asilimia 1 hazifiki, zilipandisha upitishaji joto wa glaikoli, kimiminika kinachotiwa kwenye kulanti, kwa hadi asilimia 40. Sawa. Lakini glaikoli tupu haifikishi hata nusu ya maji. Iongezee hiyo 40, bado maji yako mbele. Halafu mwaka 2009 maabara zaidi ya 30 zilichapisha vipimo vya vimiminika vya namna hii na hazikuona muujiza wowote, ongezeko ni lilelile ambalo nadharia iliyoanzia kwa mwanafizikia Maxwell, karne ya 19, ingekadiria.

Sasa niseme ukweli. Fundi wa Iringa alikuta waya wa feni ya rejeta umekatika. Hapo hata maji ya barafu yasingeniokoa. Nikaona aibu, nikataka kuongeza nyota mbili, hata kumwomba radhi yule kijana.

Fundi akafungua rejeta kuisafisha. Tope lilelile, limeganda kwenye mirija kama ukoko wa ugali.

Nyota nimezirudisha mfukoni. Niliporudi Dar nikampelekea chupa. Akaigeuza, akaniuliza, "Ulitikisa kabla ya kumimina?"

Na ikishaingia kwenye rejeta niitikiseje, mwanangu, nilitikise gari?