Taa za mimea ya ndani: ipi ununue Dar, ipi uiache dukani

Kabla hujashuka Kariakoo, zima taa zote saa sita mchana, kaa pale unapotaka kuweka chungu, kisha jaribu kusoma gazeti. Ukisoma bila kukunja uso, drasena yako itaishi hapo bila taa yoyote. Jua letu linatupa karibu saa 12 kila siku, mwaka mzima, bure. Taa ni ya aliye ghorofani Upanga na dirisha lake linatazama ukuta wa jirani, au anayetaka kuotesha mrehani, giligilani na miche ya pilipili jikoni.

Namba moja kwangu ni tyubu ya LED nyeupe ya futi 4, wati 18. Ndiyo, hiyo hiyo ya duka la vifaa vya umeme. LED nyeupe kwa asili ni chipu ya bluu iliyopakwa unga unaobadilisha sehemu ya mwanga kuwa njano na nyekundu, kwa hiyo rangi ambazo jani linazihitaji tayari zimo. K 4000 au 6500 (kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga), zote zinafaa kwa majani. Funga mbili sambamba chini ya rafu, sentimita 15 hadi 20 juu ya mimea. Umbali ndio unaowaangusha wengi: jua la mchana linafika luksi 100,000 (kipimo cha mwanga unaoangukia mahali), sebule yenye taa za kawaida ni mia kadhaa tu, kwa hiyo taa ya darini haimsaidii mrehani aliye sakafuni. Tyubu mbili kwa saa 14 zinakula nusu uniti ya LUKU kwa siku, yaani kama 15 kwa mwezi.

Namba mbili ni paneli nyeupe ya mimea yenye mgongo wa alumini. Inunue kama unataka pilipili au nyanya zizae ndani, vinginevyo ni gharama ya bure. Hapa ndipo utakaposikia, “Bosi, hii wati elfu moja, si mchezo.” Geuza nyuma, soma kibandiko penye volti. Mara nyingi hiyo “elfu moja” inavuta wati 100 au pungufu, na hizo ndizo unazonunua. Usibabaishwe na lumeni pia: zinapima mwanga kwa jicho la binadamu. Mwanga wa mmea huhesabiwa kwa maikromoli, yaani idadi ya chembe za mwanga, kati ya nanomita 400 na 700, rangi ambazo jani huzitumia. Kwa joto letu, pendelea iliyo nzito. Alumini nyingi hupoza chipu.

Namba tatu, balbu nyeupe ya wati 12 hadi 15 kwenye taa ya mezani. Chungu kimoja, basi.

Mwisho kabisa ni zile za zambarau za kubana mezani, zenye shingo nne na waya wa USB. Nilinunua moja. Mrehani ulirefuka, ukapauka, ukalala. USB ya kawaida ya ampea 2 inatoa wati 10 tu, ukigawa kwa shingo nne hakuna kitu. Tena chini ya zambarau majani yote yanaonekana meusi, hivyo utitiri ulishajenga kijiji ndipo nikauona. Na wageni wanauliza kama umefungua baa.

Chochote utakachochukua, waambie wakiwashe mbele yako kwa dakika kumi, na waya wa ekstensheni uupitishe juu, maji ya kumwagilia yasipofika. Nunua na taima, maana mimea inahitaji giza pia. Ila usichukue ile ya kuzungusha isiyo na betri: umeme ukikatika inasimama, ukirudi inaendelea ilipoishia, na baada ya wiki ya katakata utaamshwa na taa saa nane usiku.