Golf GTI Inanguruma kwa Kidude! Nimekichomoa, Sikilizeni Wenyewe

Wadau, kabla hata ya salamu, tulieni kwanza msikilize hii. Gia ya pili, nakanyaga mpaka chini... hiyooo! Mmeisikia? Ngoja nirudie maana najua kuna mtu alikuwa anapunguza sauti. Haya... umeona? Nene, ina kifua, inakuita. Sasa ule uzito wa chini mliousikia, ule wa kukufanya ujione dereva, hautoki kwenye injini. Nimekereka na hii kitu siku zote hizi, na leo tunakereka wote.

Mambo vipi, karibuni tena kwenye chaneli. Gari ni Volkswagen Golf GTI ya 2014, Mk7 yaani kizazi cha saba, ni ya shemeji yangu, kaniachia siku tatu kwa sharti moja tu nisiguse kitu, hilo tutalirudia. Injini mnaijua, lita mbili turbo, farasi 220, giaboksi ya otomatiki ya DSG yenye gia sita, vile viti vya drafti drafti, sipotezi muda wenu. Ukitaka kujua buti inabeba madumu mangapi nenda chaneli nyingine, nakupenda lakini nenda.

Kitu chenyewe kinaitwa Soundaktor. Dogo, sogeza kamera. Hapa chini ya kioo cha mbele, waipa zinapoanzia, kuna plastiki jeusi, waipa nimeshazitoa, nalinyanyua taratibu... hicho hapo! Mnakiona hicho kidude cha duara, cheusi, kama lile kopo kubwa la kiwi ya viatu? Ndicho kinachonguruma. Spika ya sabufa ikichanika karatasi si inabaki sumaku na koili inatetemeka yenyewe? Basi hiki ni hivyo hivyo, hakina karatasi, karatasi yake ni bodi ya gari. Kimefungwa kwenye bati, kinatikisa bati, bati linatikisa kioo, na wewe uliyekaa ndani unasema aisee injini hii! Kuna kikompyuta chake kinasoma injini inazunguka kasi gani na mguu umekanyaga kiasi gani, kinapika mlio wa kufanana. Ukiachia mafuta na chenyewe kinatulia. Usanii mtupu, lakini usanii wenye akili.

Kuna watakaosema naongea tu, kwa hiyo nimefanya jaribio. Simu moja nimeifunga nje karibu na ekzosti kwa selotepu, mniombee, na nyingine iko ndani pale pa kuwekea kikombe. Jumapili alfajiri, njia ya Kibaha, barabara nyeupe. Sikilizeni ya nje kwanza... fyuuuu... bwap! Hiyo bwap ni DSG inabadili gia, hiyo ni ya kweli kabisa, msije mkanishukia kwenye komenti. Ila zaidi ya hapo kuna nini? Upepo na matairi. Sasa ya ndani, sekunde ile ile, mguu ule ule... vuuuuum! Ni gari mbili tofauti hizo jamani!

Na kuna hili ambalo ndilo lilinimaliza. Nimemwambia dogo aweke kiganja hapa kwenye kioo, chini kabisa, karibu na dashibodi. Nimeweka modi ya Sport, nakanyaga. Dogo, unasikiaje? "Kinatekenya, bro." Umesikia? Kioo kinamtekenya! Injini iko kule mbele kwenye raba zake, sasa kioo kinacheka na nini?

Sababu wala haijifichi, ni turbo. Moshi unatoka kwenye silinda na kishindo chake, unakuta feni ya turbo imekaa njiani, kishindo kinafia pale. Ongeza sheria za kelele za Ulaya, ongeza wateja wanaotaka ndani kuwe kimya, watengenezaji wamebandika masponji kila kona, halafu wakagundua gari ya spoti imekuwa kama friji, ndio wakaanza kurudishia kelele kwa mlango wa nyuma. Na sio Volkswagen peke yao. BMW M5 ile F10, walivyoitoa V10, injini ya silinda kumi, wakaweka V8 ya turbo mbili, muungurumo wakaupitisha kwenye spika za redio. Za redio! Spika ile ile inayokupigia singeli ndiyo inakupigia injini. Ford Mustang ya turbo, ile 2.3 EcoBoost, nayo imo kwenye mchezo. Toyota 86 hao nawavulia kofia, wao waliweka bomba tu kutoka kwenye njia ya hewa ya injini kuelekea ndani, kwa hiyo unachosikia ni injini yenyewe, imekuzwa tu. Halafu wenye Subaru za zamani zile za mlio wa "dugu dugu dugu" najua mnacheka sasa hivi. Chekeni, leo ni siku yenu, kesho tutaongelea head gasket, ule ugonjwa wenu wa injini.

Ila kuna kitu kinanisumbua, niwe mkweli. Hyundai wana Ioniq 5 N, gari ya umeme kabisa, inajifanya ina gia nane, inajifanya inafika RPM elfu nane, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, spika mpaka nje, na ukikosea gia inakugomea kama gari ya kweli. Mbona hiyo hainiudhi? Naitamani hata! Nadhani ni kwa sababu hakuna injini pale, kila mtu anajua ni mchezo. Huyu Golf injini anayo, halafu anaweka mtu wa kumwimbia nyuma ya pazia.

Haya, nachomoa. Plagi ni moja tu, kak! ...imetoka. Ukiwa hutaki kufungua plastiki, kama gari yako ina zile driving mode ingia kwenye Individual, tafuta sauti ya injini, weka Eco, inatulia, au fundi mwenye mashine ya daignosisi anaishusha mpaka sifuri. Mimi nilitaka kuona kwa macho.

Naendesha sasa... Mh. Subirini. Turbo naisikia, ile "tsss" nyembamba, naipenda hiyo, mwanzo ilikuwa imefunikwa. Lakini... jamani mbona kama gari imepungua? Spidi ni ile ile, naangalia mshale hapa, unapanda vile vile. Ila mwili unaniambia nimepanda Toyota IST. Hapana, siwezi kusema hivyo kwa GTI, futa hiyo. Usifute, acha.

Kabla sijasahau, mnaouliza kuagiza, gari ya miaka zaidi ya kumi ushuru wa uchakavu ni asilimia 30, kwa hiyo usidanganyike na bei ya Japan, piga hesabu kwenye kikokotoo cha TRA kwanza. Afadhali injini ni cc 1984, haijavuka elfu mbili, ushuru ungepanda. Na video ya Crown Athlete niliyowaahidi inakuja, mwenye gari kasafiri, msinitukane, bonyezeni sabuskraibu.

Sasa leo ndio siku ya tatu, jana usiku nimerudisha gari. Sikusema kitu. Saa nne shemeji huyo, simu. "Shem, umeifanya nini gari yangu, haina nguvu." Nikamwambia shem, nguvu ni zile zile 220, nimechomoa kispika tu, nikamweleza yote haya niliyowaeleza nyie, kioo, bati, sabufa, akanisikiliza mpaka mwisho. Kimyaa. Halafu akasema, "Sawa. Kesho uje uirudishe plagi."

Kwa hiyo ndio naelekea kwake saa hizi. Na lile plastiki la chini ya kioo nilivunja klipu mbili wakati nalitoa, hajui bado. Kama kuna mdau yuko Gerezani, kule Kariakoo kwenye spea, anaziuza, niandikie hapo chini fasta.