Tathmini ya Awali ya UNESCO kwa Maeneo ya Pwani: Inafaa, Lakini Haifiki Ufukweni

Nchi inayotaka kujua kama ukanda wake wa pwani unastahili kuwa Urithi wa Dunia sasa huanzia kwenye Tathmini ya Awali, huduma iliyoingizwa katika taratibu za Kamati ya Urithi wa Dunia mwaka 2021, ambayo kila uteuzi utakaojadiliwa kuanzia mwaka 2028 utalazimika kuwa umeipitia. Nimeipima kwa swali moja: je, inaielewa pwani?

Kuhusu muda na gharama, ninaisifu bila kusita. Awali nchi iliweza kutumia miaka kadhaa ikiandaa jalada zito la uteuzi, kisha ikaambiwa mwishoni kwamba eneo lenyewe halikidhi vigezo. Sasa ombi huwasilishwa ifikapo tarehe 15 Septemba, na takriban mwaka mmoja baadaye hurudi ripoti inayoeleza kama eneo lina uwezekano wa kutimiza walau kigezo kimoja kati ya 10. Mashirika mawili yanayoishauri Kamati, ICOMOS, inayoshughulikia utamaduni, na IUCN, inayoshughulikia mazingira, hushirikiana katika kazi hii, jambo ambalo kwa pwani ni neema, kwa sababu mikoko, matumbawe na msikiti wa kale uliojengwa kwa mawe ya matumbawe hayo hayo haviwezi kutenganishwa.

Kasoro yake ni kwamba hufanyika mezani tu: nyaraka husomwa, lakini hakuna mtaalamu anayetumwa kulitazama eneo. Kwa jengo lililosimama bara huenda hilo likavumilika. Pwani, hata hivyo, haina mpaka unaotulia. Mwamba unaoonekana maji ya bamvua yakipwa hufunikwa saa chache baadaye, na mvuvi ndiye anayejua unapoishia. Bahari ya Wadden iliandikishwa mwaka 2009 kwa upande wa Ujerumani na Uholanzi, na sehemu ya Denmark ikaongezwa mwaka 2014, ingawa tope lake la kupwa na kujaa halikuwahi kujua mipaka ya nchi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara nayo, yaliyoandikishwa mwaka 1981, yalikaa katika orodha ya urithi ulio hatarini tangu 2004 hadi 2014, na miongoni mwa yaliyoyatishia ni mawimbi yanayomega ufukwe. Utafiti unaoishia kwenye kuta za magofu hauwezi kuliona tishio la namna hiyo.

Ninaipendekeza huduma hii, tena kwa moyo wote, ila kwa sharti ambalo fomu yenyewe haiwezi kulitimiza. Kwa kuwa ombi hutumwa na serikali pekee, wavuvi, wakata mikoko na wazee wa vijiji waitwe wachore ramani pamoja na maofisa, maji yakiwa yamepwa na tena yakiwa yamejaa, kabla fomu haijatiwa saini.