Uzoefu wangu: oparesheni ya uvimbe wa karsinoidi kwenye pafu la kulia

Hospitali iliyonipasua nawapa nyota nne kati ya tano, hiyo moja niliyobana ntaieleza.

Mi nlikua nakohoa muda mrefu, kuna siku makohozi yanakuja na damu, alafu kifua kinapiga filimbi upande wa kulia tu. Nimekunywa dawa za nimonia mpaka basi, nikapewa inhela ya pumu, TB napimwa kila saa haipo. Ndo daktari mmoja akauliza hii pumu gani ya upande mmoja, akaniandikia siti skani, kisha wakaingiza kamera kwenye njia ya hewa wakakuta kinyama chekundu cha mviringo kimeziba mlango wa kipande cha juu cha pafu. Kukinyofoa cha kupima walienda taratibu kweli maana vinyama hivi vina mishipa mingi, vinatoa damu balaa. Majibu yakaja karsinoidi, ile inayokua polepole. Ni kansa ndio, ila ukiwahi kuikata watu wengi wanapona, na kukata ndo tiba yenyewe.

Mtaani washanizika, eti ntatolewa pafu zima! Kumbe wanatoa kile kipande cha juu pamoja na pingili ya bomba kubwa la hewa pale kinyama kilipoota, alafu ncha mbili zilizobaki wanaziunga, kama fundi bomba anavyofanya, vipande vya chini vinabaki vinafanya kazi. Kabla ya kushona, ncha waliyokata inapelekwa maabara palepale, we bado uko kwenye nusu kaputi, wahakikishe hakuna uvimbe uliobaki. Na tezi za limfu wakatoa za kupima. Kwa hilo daktari wa upasuaji namvulia kofia.

Ukiamka una mpira ubavuni umeingia kwenye chupa yenye maji sakafuni. Dokta akipita anakwambia kohoa mama, macho yote kwenye chupa, mapovu yakitoka ujue pafu bado linavuja hewa, mpira hautoki. Siku yalipokata akasema vuta pumzi ubane, akauchomoa fyuu, yaani hata kupiga kelele nlichelewa.

Sasa ile nyota. Sindano ya mgongo ya maumivu ilikua poa ila ilipotolewa nkaachiwa panado tu, usiku nalia. Na hakuna aliyeniambia chini ya titi patakufa ganzi, mpaka leo nikijigusa ni kama nimevaa nguo nzito. Nesi wa kliniki ndo akanambia ni mishipa ya fahamu ya katikati ya mbavu, inasumbuaga hivyo.

Filimbi imeisha, ngazi napanda ila napumzika katikati. Siti skani ntaendelea kupiga miaka na miaka kwa sababu hii kitu inaweza kurudi hata baada ya muda mrefu. Ukipangiwa hii oparesheni muulize daktari kama wanaweza kuunga bomba au wanatoa pafu lote, si kila hospitali inafanya, na uliza kama fizio, yule wa mazoezi ya kupumua na kukohoa, yupo wikendi, kwetu hakuwepo nikawa nakohoa peke yangu nimekumbatia mto.