Kupima gari kwa kompyuta nyumbani Malindi

Taa ya injini ya gari langu iliwaka nikitoka Kilifi, karibu na Gede, na fundi wa kwanza kuliona hapa Malindi alisoma msimbo wa kosa P0171, akaniagiza ninunue sensa ya oksijeni, ile inayopima oksijeni iliyobaki kwenye moshi wa injini. Msimbo huo unaeleza kwamba hewa imezidi petroli katika mchanganyiko. Hautaji kifaa kilichoharibika. Kwa sababu hiyo nilinunua skana yangu mwenyewe, waya wa USB wenye chipu ya ELM327, inayotafsiri lugha ya kompyuta ya gari, unaounganisha kipakatalishi na soketi ya pini 16 iliyo chini ya usukani, kwa bei isiyofika nusu ya ile sensa.

Kusoma misimbo ni kazi ya dakika mbili, na kama skana ingeishia hapo nisingeisifu. Thamani yake imo katika takwimu zinazobadilika injini ikinguruma. Nilitazama marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta ya gari huongeza au hupunguza: gari likiwa limesimama, ilikuwa ikiongeza 22, nilipokanyaga mafuta hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, ikashuka hadi 5. Hewa inayopenya kwenye ufa huvuruga zaidi injini inapozunguka polepole, kwa kuwa wakati huo hewa inayopita njia yake ya kawaida ni kidogo. Kumbe sensa ilikuwa ikisema kweli. Nyuma ya injini nilikuta mpira mwembamba wa kupitishia hewa umepasuka palepale unapofungwa, nikaubadilisha.

Skana hii husoma injini pekee. Taa za ABS, yaani breki zinazozuia magurudumu kujifunga, na za mifuko ya hewa haizigusi. Tena, soketi hiyo ilikuwa sharti Marekani kuanzia modeli za mwaka 1996, na Ulaya kwa magari ya petroli kuanzia 2001, lakini magari yaliyotengenezewa soko la Japani, ambayo ndiyo mengi barabarani kwetu, hayakufungwa na sheria hizo, hivyo baadhi ya yale ya zamani yana soketi ileile na hayajibu kitu. Jaribu kwenye gari lako kabla ya kulipa.

Usifute msimbo kabla ya kunakili kumbukumbu ya joto, mwendo na mizunguko iliyohifadhiwa kosa lilipotokea, kwa maana vyote hufutika pamoja. Mimi nilinakili, nikafuta, nikaenda Mambrui na kurudi: marekebisho yalibaki kati ya 2 na 4, na taa haijawaka tena.