Saa ya ukutani inayoishia 10: uzoefu wangu

Tangu nilipoziona saa za Mapinduzi ya Ufaransa, zinazogawa siku nzima katika saa 10 badala ya 24, pale Musée Carnavalet, jumba la makumbusho la Paris, nilitamani kuwa na moja nyumbani. Za kale, zenye uso wa enameli na mapambo ya dhahabu, tuwaachie wenye fedha zao. Mimi niliagiza nakala mtandaoni, ya ukutani, ya kutumia betri.

Kwa sura sina malalamiko. Namba zimechapwa safi, 10 iko juu kabisa (usiku wa manane) na 5 iko chini (adhuhuri). Mshale wa saa huzunguka mara moja tu kwa siku nzima. Shemeji aliingia saa sita mchana, akaona mshale umeelekea sakafuni, akauliza kama betri imekwisha.

Ndani ya duara la kumi kuna duara jingine la saa 24. Bila hilo msinunue. Hata mafundi wa wakati ule waliweka hesabu zote mbili kwenye saa nyingi, maana watu hawakuiacha ile ya zamani. Kwa mfano, 3 kamili ni saa moja na dakika 12 asubuhi, na 8 kamili ni saa moja na dakika 12 usiku. Sisi tunaoona 7 kwenye saa tukatamka saa moja, kugeuzageuza huku hakutupi shida.

Shida ni mshale wa dakika. Katika mfumo huu siku ina saa 10, saa ina dakika 100, dakika ina sekunde 100. Yaani saa yao moja ni dakika 144 zetu, na mshale wa dakika unapaswa kuzunguka mara 10 kwa siku. Nilioletewa unazunguka mara 24, kwa sababu ndani wameweka mtambo wa kawaida wa saa 24! Nilipomwandikia muuzaji, akajibu kwamba mshale huo ni wa pambo. Nimeung'oa. Uliobaki unasema kweli, ila alama ndogo kabisa usoni ni sehemu ya kumi ya saa, takriban robo saa yetu. Kwa sebuleni inatosha. Ukiwa na basi la kuwahi, tazama simu.

Mshale huo umenifanya niwahurumie mafundi wa 1794. Kubadili namba za uso ni rahisi, lakini magurudumu ya ndani yote yanataka meno mapya. Matumizi ya mfumo huu yalianza kuwa lazima Ufaransa 22 Septemba 1794, na 7 Aprili 1795 yakasitishwa. Sheria hiyohiyo iliyoyasitisha ndiyo iliyoweka mita, gramu na lita. Vipimo vya nguo na nafaka vilitofautiana mji kwa mji, kwa hiyo mita ilikuwa na kazi ya kufanya; saa 24 hazikuwa na ugomvi na mtu.

Naipa nyota 6 kati ya 10. Ikiuzwa na mshale mmoja, bei ikashuka kidogo, ningeipa 8.