Jiko la kuotea moto uani: lipi ununue ukiwa Tabora, kuanzia la kwanza hadi la kuacha

Juni ikiingia huku Tabora usiku sio wa mchezo, tuko juu kama mita 1,200 toka usawa wa bahari afu kiangazi anga halina hata wingu, jua likizama tu joto lote linapaa, sa kila mwenye uwa anataka kamoto ka nje ka kukaa na wageni na kuchoma mahindi mawili matatu. Mpangilio huu ni wangu, ukitaka kubishana karibu, ila nimeangalia vitu viwili tu, chuma kina unene gani na hewa inaingilia wapi, urembo utajua mwenyewe.

Namba moja kwangu ni rimu ya lori. Sio ya gari dogo jamani, ya lori, zile za inchi 20 au 22.5, upana unacheza kwenye sentimita 50 na kitu, watu watano sita mnazunguka bila kusukumana. Zipo kwa watu wa vyuma chakavu na wanapima kwa kilo, na rimu iliyopinda mdomo au yenye ufa kwa lori imekufa ila kwako ni nzima kabisa, kwa hiyo usikubali kuuziwa kwa bei ya rimu inayorudi barabarani. Nenda na sumaku. Ikigoma kunata hiyo ni aluminiamu, inang'aa vizuri lakini inayeyuka kwenye nyuzi 660 hivi na makaa ya kuni kavu yakipata hewa yanapita hapo bila shida.

Ukishanunua bado kazi ipo. Rimu ina tundu kubwa katikati, zile za nati kumi linafika sentimita 28, sa ukiwasha hivyo hivyo kuni zote zinaishia chini. Mwambie fundi wa kuchomelea akukatie pleti ya milimita 5 au 6, aitoboe toboe, afu aiweke tu bila kuichomelea, maana pleti ndo itakufa kwanza na utataka kuitoa uweke nyingine. Matundu ya nati yabaki wazi, hewa inapandia hapo na maji ya mvua yanatokea hapo hapo. Miguu iwe mitatu ya nondo milimita 16, sio minne, uwa wa mchanga hauko tambarare na jiko la miguu minne litayumba kila siku hadi uanze kutafuta vijiwe vya kuchomeka. Kimo toka ardhini sentimita 15 hadi 20 inatosha. Fundi akikuletea vipande vya bomba la maji la mabati eti ndo miguu, kataa, lile limepakwa zinki na likiunguzwa linatoa moshi ambao mafundi wenyewe unawaletea homa usiku. Rangi ya zamani iunguze yote siku ya kwanza, moto mkali, kaa mbali, na siku hiyo usichome chochote cha kula.

Namba mbili ni ya kujenga kwa matofali ya kuchoma, na ingekuwa ya kwanza kama wote tungekuwa tunakaa kwetu, ila ukiwa umepanga unamjengea mwenye nyumba bure. Mtafute fundi aliyewahi kujenga mabani ya tumbaku, yale majengo ya kuikaushia kwa moto, wapo wengi ukienda upande wa Urambo na Sikonge, wale wanajua tofali linafanyaje likipigwa moto siku nyingi. Ndani asitumie saruji, saruji ikipata moto inapasuka inaachia, atumie udongo wa kichuguu na mchanga kidogo, na vichuguu Tabora hatuna njaa navyo. Duara la ndani sentimita 80 hadi 90, kozi (safu za tofali) tatu au nne, kozi ya chini aache mianya ya hewa. Bloku za saruji hapana. Mawe ya kuokota mtoni ndo hapana kabisa, yana maji ndani, yakishika moto yanapasuka vipande vinaruka na watoto wamekaa pale.

Namba tatu, mabakuli ya chuma ya dukani yanayokuja na kofia ya wavu na kijiti cha kuchokolea. Mazuri yapo ila mengi ni bati. Bonyeza ubavu kwa kidole gumba, ukiingia ndani afu ukarudi na mlio, rudisha kwenye rafu, hiyo haimalizi kiangazi cha pili bila kupinda. Tafuta milimita 3 kwenda juu. Kuna pia yale ya kuta mbili kama Solo Stove ya Marekani, hewa inapanda katikati ya kuta inapata moto inatokea matundu ya juu na kuunguza moshi kabla haujakufikia machoni, na kweli inafanya kazi, ila inataka kuni kavu zilizokatwa fupi, na joto lake lingi linaenda juu wakati sisi tunaota miguu. Ukiletewa zawadi pokea. Kuagiza kwa hela yako sikushauri.

Gesi naiweka ya nne. Safi, haina moshi, unazima ukimaliza, ila piga hesabu: meza ya moto, ile ya gesi yenye moto katikati, ya nguvu ya BTU 50,000 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto) inakula kama kilo moja ya gesi kila saa ikiwa imefunguliwa yote, yaani mtungi wa kilo 15 ni saa 15 tu basi, na hapo mahindi hujachoma. Kwa mwenye hoteli sawa.

Ya mwisho pipa la lita 200 lililokatwa nusu. Najua ndo rahisi na ndo liko kila mahali, lakini bati lake ni kama milimita moja, na majivu yakilowa yanakula chuma, mvua mbili tatu tu chini panakuwa chekecheke. Afu hujui lilibeba nini, likinuka dawa achana nalo hata kama ni la bure.

Popote utakapoweka, mita tatu toka ukutani na sio chini ya mwembe, najua Tabora kukwepa mwembe ni shughuli lakini majani makavu na cheche ni ugomvi. Banda la nyasi liwe mbali zaidi, na kiangazi upepo wetu mara nyingi unatoka mashariki, kwa hiyo jiko lisikae mashariki ya banda. Kuni za mti wa mtundu zilizokauka ziko poa, ukigonganisha zinalia. Mabaki kwa seremala chukua ila sio yenye rangi wala yaliyopakwa dawa, na vipande vya nguzo za umeme usiviguse. Novemba mvua zikianza zoa majivu yote, toa pleti iweke ndani, rimu ipindue mdomo chini hapo hapo uani.